Ndoo Inayokula Vumbi

Kila siku akitoka shuleni, Sikubali alipitia nyumbani kubadili sare, akala alichowekewa, kisha akaenda karakana kwa mama yake. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, nyuma ya duka la misumari. Upande wa mlangoni mjomba wake alipiga randa mbao za milango. Upande wa ndani, chini ya dirisha dogo, mama yake aliketi kwenye msumeno wa nakshi. Huo si msumeno wa kusukuma kwa mkono. Ni mashine ya mezani yenye wembe mwembamba, unaopanda na kushuka haraka kama sindano ya cherehani. Mama aliuzungusha ubao mbele ya wembe huo, na ubao ukatoka herufi, ukatoka samaki, ukatoka ramani ya vipande ambavyo watoto huvipanga upya. Walimu wa chekechea walimjua kwa kazi hiyo, na mtaani watu wote walimwita Fundi.

Sikubali halikuwa jina alilopewa alipozaliwa. Alijipatia mwenyewe kwa mdomo wake. Akiambiwa wasichana hawapandi juu ya paa, alijibu "Sikubali," naye tayari yuko juu ya paa. Akiambiwa hesabu yake si sahihi, alijibu vivyo hivyo, na mara nyingine mwalimu alilazimika kufuta ubao. Mjomba alisema mtoto huyo anaweza kubishana na kivuli chake na akakishinda.

Kazi yake pale karakana ilikuwa kufagia. Alifagia chini ya meza, alifagia pembeni, na kila alipofagia vumbi lilipanda juu, likazunguka, halafu likarudi kutua palepale. Mjomba hakuona tatizo lolote.

"Seremala hujulikana kwa nyusi," alipenda kusema, huku zake zikiwa nyeupe kama za mtu aliyechungulia gunia la unga. "Ukimwona fundi ana nyusi nyeusi, usimpe kazi."

Lakini kikohozi cha mama kilikuwa kimekuja kama mgeni wa siku moja, kisha kikahamia. Kilikuwa kikavu, na kilimkamata hata akiwa anacheka. Hatimaye alikwenda zahanati, na Sikubali akamsindikiza. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akavua miwani.

"Fundi, mapafu si ghala la kuwekea unga wa mbao," alisema. "Ama vumbi liondoke, ama wewe uondoke kwenye hiyo mashine. Rudi mwisho wa mwezi nikusikilize tena."

Waliporudi karakana, mama aliipangusa mashine yake. Kisha akamwambia kaka yake kwamba fundi wa makochi wa mtaa wa pili, ambaye aliitamani mashine ile tangu zamani, anaweza kuja kuichukua mwezi ukiisha. Yeye atatafuta kazi nyingine. Sikubali alisikia kila neno. Mama alikuwa amemwahidi kwamba akimaliza darasa la saba atamkalisha mwenyewe kwenye msumeno ule na kumfundisha. Sasa aliona mambo mawili yakimponyoka pamoja, mashine na kifua cha mama, na hakujua alilie lipi.

"Sikubali," alisema.

"Hili si la kukubali wala kukataa, mwanangu. Kifua ni changu."

"Na mimi ni wa nani?"

 Mama alimtazama, akakohoa, akarudi kwenye kazi.

Kesho yake Sikubali aliuegemeza ufagio ukutani, akaketi kwenye kigogo kando ya mama yake, akaanza kumtazama.

"Ufagio umeota miiba?" Mjomba aliuliza.

"Sifagii mpaka nijue vumbi linaingiaje kifuani."

"Linaingia kwa mlango, kama sisi sote," Mjomba alisema, akajichekea mwenyewe.

Sikubali hakucheka. Alimtazama mama akikata mkia wa samaki. Wembe ulipokwenda kidogo, vumbi lilifunika mstari wa penseli. Mama aliinama, akavuta pumzi, akapuliza, fuu, mstari ukaonekana. Akakata tena kidogo, akainama, fuu. Hivyo ndivyo alivyofanya siku zote, na Sikubali alikuwa ameiona kazi hiyo tangu akiwa mgongoni, lakini hakuwahi kuitazama.

"Mama, kabla ya kupuliza unafanya nini?"

"Napumua."

"Unavuta. Na ukivuta, pua yako iko wapi?"

Mama alisimamisha mashine. Pua yake ilikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye wembe, juu kabisa ya lile wingu la vumbi.

"Mashine ilikuja na kibomba chake cha kupulizia, kikavunjika kabla hujazaliwa," alisema. "Lakini mafundi wa nakshi wote tunapuliza. Mimi nilifundishwa hivyo, na aliyenifundisha alifundishwa hivyo."

"Aliyekufundisha yuko wapi sasa?"

Randa ya Mjomba ilinyamaza. Kaka na dada wakatazamana.

"Alikufa kwa kifua," Mjomba alisema taratibu, kana kwamba jambo hilo ndiyo kwanza analisikia.

Tangu hapo Sikubali hakuwa na raha. Alitaka kitu kitakachovuta vumbi palepale linapozaliwa, ili mstari ubaki wazi na mama asiwe na haja ya kupuliza. Kitu cha kuvuta kilikuwepo karakana. Mjomba alikuwa na mashine kuukuu ya kufyonza vumbi la mazulia, aliyoinunua kama chuma chakavu, akaona uvivu kuitengeneza, na siku zote aliikalia wakati wa chai.

"Mjomba, simama, nakihitaji kiti chako."

"Mtoto huyu sasa ananyang'anya mpaka viti," Mjomba alilalamika, lakini alisimama. Na kwa kuwa mama alikuwa na sheria kwamba umeme haushikwi na mtoto, ni Mjomba aliyefungua mashine ile, akabadilisha waya uliokatika, na kushangaa ilipounguruma.

Sikubali alipata ndoo ya rangi yenye mfuniko, ili vumbi zito lianguke humo lisiende kuziba mashine. Alipata bomba lenye mikunjo lililotupwa pamoja na mashine mbovu ya kufulia. Alikata shingo ya chupa ya plastiki, akaiminya iwe bapa, mama akamfungia mdomo huo kando ya wembe. Kila palipovuja walipafunga kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli. Siku ya kwanza mfuniko ulipiga mluzi. Siku ya pili bomba lilichomoka likamvuta Mjomba shati. Watoto waliopita nje walimwuliza kama anatengeneza ndege. Sikubali aliwaambia ndiyo, na kwamba wao hawatapanda.

Kilichobaki ni mfuko wa kutokea hewa, maana ule wa zamani ulikuwa umeliwa na panya. Hapo aliingia rafiki yake wa darasani, binti wa fundi cherehani, aliyeitwa Pini kwa wembamba na kwa ulimi mkali. Pini alileta mabaki ya vitambaa kutoka dukani kwao. Waliufunga mfuko wa kitambaa kizito, mashine ikagugumia, ikavuta kwa shida. Waliufunga wa kitambaa chepesi cha pazia, mashine ikanguruma na kuvuta mpaka vijiti.

"Hicho chepesi," Sikubali aliamua. "Kinavuta kama simba."

Mama aliwasha msumeno. Vumbi lilitoka kwenye wembe likaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa chupa. Mstari wa penseli ulibaki wazi kama ulivyochorwa. Mama aliutazama, akafurahi, akainama, akavuta pumzi, akapuliza.

"Mama, unapuliza nini?"

"Nimesahau."

Alisahau tena, na tena. Mazoea yana taabu, hayasikii hata la daktari. Sikubali alichukua plastiki ngumu ya jalada la daftari, inayoonyesha ng'ambo, akaitundika kati ya uso wa mama na wembe. Mama alipopuliza tena, pumzi yake mwenyewe ilimrudia usoni ikampeperusha kilemba. Mjomba alicheka mpaka akakaa chini, kwa kuwa kiti hakuwa nacho tena.

Habari zilienea. Mafundi walikuja kuona ndoo inayokula vumbi. Mwalimu wa chekechea aliyeagiza herufi alipitisha kidole juu ya meza, akakionyesha kikiwa safi. Hata fundi wa makochi alikuja, akaizunguka mashine, akasema kwa sauti ya mtu aliyenyimwa, "Basi hamuuzi." Kisha akamwomba Sikubali amtengenezee na yeye. Mjomba, ambaye jana alikuwa akicheka, sasa alieleza kila mgeni jinsi ilivyofanya kazi, na katika maelezo yake neno "sisi" lilitokea mara nyingi sana.

Sikubali alitembea kichwa juu. Alikuwa amewashinda wote.

Kwenye bati la karakana palikuwa na tundu la msumari, na kila alasiri jua lilipita hapo likashusha mwale mmoja mpaka sakafuni. Sikubali aliujua mwale huo tangu utotoni. Siku moja mashine zote mbili zikiwa zinanguruma, mwale ulifika juu ya ule mfuko wa pazia, na Sikubali akaona kitu kilichomfanya asimame. Kutoka kwenye kitambaa ulikuwa ukifuka moshi mwembamba. Aliweka kiganja chake hapo, akakitoa kikiwa cheupe. Alipanda kwenye kigogo akagusa rafu ya juu kabisa, aliyoipangusa juzi. Kidole kilizama kwenye unga laini kuliko poda, unga ambao zamani haukuwahi kuwepo.

Alielewa mara moja, na hakupenda kuelewa. Ndoo ilikuwa ikila vumbi nene, lile linaloonekana mezani. Lile laini kabisa ilikuwa ikilichuja kwenye pazia na kulirusha chumba kizima, tena kwa nguvu za simba.

Alitoka nje kutafuta hewa, akasikia kikohozi nyuma ya duka la misumari. Mama yake alikuwa ameinama, mkono mmoja ukutani, mwingine mdomoni na leso. Alipomwona binti yake alijinyoosha haraka.

"Mama, tangu lini unakohoa huku?"

"Kidogo tu."

"Tangu lini?"

"Ulikuwa umefurahi mno," mama alisema. "Sikutaka kukukata moyo."

Sikubali alitaka kulia, lakini hasira ilitangulia. Alimkasirikia mama, alijikasirikia mwenyewe, na zaidi ya wote aliikasirikia ile ndoo.

Jioni alimweleza Pini. Pini alifikiri, kisha akasema, "Nyamaza. Meza ni safi, watu wanakusifu, na fundi wa makochi amesharudi kwake. Ukisema, watakucheka mwaka mzima. Nani atajua?"

"Mapafu ya mama yanajua."

"Mapafu hayasemi."

"Yanasema. Yamekuwa yakisema nyuma ya duka la misumari, na mimi nilikuwa nasikiliza sifa."

Kesho yake karakana ilikuwa na wageni. Mwalimu wa chekechea alifuata herufi zake, na fundi wa makochi alileta mafundi wawili wa kwao. Mjomba alikuwa katikati ya "sisi tukaona tufunge mpira wa tairi" Sikubali alipoingia na begi lake la shule.

"Mjomba, naomba uzime."

"Subiri, wageni hawajaona bado."

"Ndiyo maana nakuomba uzime. Ndoo yangu inadanganya."

Alifunga mlango, akafunga dirisha, chumba kikaingia giza. Ukabaki ule mwale mmoja kutoka kwenye bati. Ndani yake vumbi lilikuwa likichemka, jingi, laini, halianguki wala haliondoki.  Mwalimu wa chekechea alijifunika pua kwa ukingo wa mtandio.

"Haka ni kavumbi tu," Mjomba alisema. "Mtu hawezi kudhurika na kitu asichokiona."

"Lile nene linakwama puani, unapenga kamasi, linatoka," Sikubali alisema. "Hili ndilo linaloshuka. Mezani nimelitoa, nimelipeleka kifuani kwa mama."

"Unaniaibisha mbele za watu."

"Mjomba, shikamoo yako naitoa kila siku na nitaendelea kuitoa. Lakini sikubali kusifiwa kwa kitu kibovu."

Fundi wa makochi alikohoa kidogo, kikohozi cha adabu. "Basi mwezi ukiisha nitakuja na mkokoteni," alisema, wakaondoka.

Mjomba alinuna. Alirudi kwenye randa yake na kuisukuma kana kwamba ubao umemtukana. Mama hakununa. Alimpa binti yake bisibisi.

"Siku zimebaki chache," alisema. "Tuanzie wapi?"

Walianzia ukutani. Nyuma ya karakana palikuwa na kiwanja kitupu kisichopitiwa na mtu. Sikubali alitaka mashine ya kufyonza ihamie huko nje, ili hata vumbi litakaloponyoka lisirudi ndani. Ilibidi ukuta utobolewe. Mjomba aliapa kwamba hatatoboa ukuta aliouinua kwa mikono yake. Kabla jua halijazama alikuwa amepiga magoti na patasi, akinung'unika kwamba tundu alilolianza mtoto limepinda. Halafu mama akatoboa ndoo ubavuni badala ya juu, ili hewa iingie kwa kuzunguka ukingoni na vumbi lidondoke chini kabla ya kuendelea.

Shida ilikuwa mfuko. Chepesi kilivujisha, kizito kiliibana mashine. Sikubali alikaa na vitambaa viwili mapajani, akakosa la kubishana nalo. Pini ndiye aliyekuja akavitazama.

"Suruali ikimbana mtu, mama yangu habadilishi kitambaa," alisema. "Anaongeza upana."

Walishona mfuko wa kitambaa kizito kilichofumwa kwa karibu, mkubwa kiasi kwamba Pini mwenyewe aliingia ndani na kutoa kichwa tu. Mashine ilipowashwa mfuko ulijaa polepole, ukavimba, na uvutaji haukupungua. Hewa sasa ilikuwa na nafasi ya kupita bila kupenya kwa nguvu. Mama alivaa barakoa bila kubembelezwa. Ufagio ukatundikwa, mahali pake likakaa tambara lililolowanishwa, maana kitambaa kibichi hushika vumbi na ufagio hulirusha.

Kisha Sikubali akafunga mlango na dirisha, wakausubiri mwale. Mama alikata herufi nzima. Kwenye mwale zilipita chembe chache tu, moja moja, kama watu wanaotoka mkutano uliokwisha.

"Mnaona?" Mjomba alisema, na safari hii hakusema sisi. Alikuwa amejipangusa uso, na nyusi zake zilikuwa nyeusi. Mwalimu wa chekechea alipokuja alimpita mlangoni, akauliza fundi wa milango ameenda wapi.

Mwisho wa mwezi daktari alisikiliza kifua cha mama mbele na nyuma, akarudia. "Hakijapona chote," alisema. "Kilichoingia kwa miaka hakitoki kwa wiki. Lakini kimetulia, na hicho ndicho nilichokitaka. Endelea hivyo, na barakoa usiivue."

Walipofika karakana walimkuta fundi wa makochi na mkokoteni wake. Mama alimsalimu, akamwambia mashine haiondoki. Fundi huyo alikuna kichwa, akatazama ndani, akatazama mkokoteni. Kisha akasema ni aibu kurudi mikono mitupu, kwa hiyo kesho ataleta ndoo, na kama binti hajakasirika, amwonyeshe namna ya kuitoboa ubavuni.

Alipoondoka, mama alimwita Sikubali akae karibu.

"Kuna wakati nilidhani ubishi wako utakuja kukuponza," alisema. "Kuwabishia watu si kazi ngumu, mwanangu. Hata mbuzi anaweza. Wewe ulipoibishia kazi ya mikono yako mwenyewe, watu wakiwa wamesimama wanakupigia makofi, hapo ndipo uliponiokoa. Na mimi nilikosa kwa kwenda kukoholea mafichoni. Ugonjwa unaofichwa hauna wa kuusaidia. Kuanzia leo mimi sifichi kikohozi, na wewe hufichi kosa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Basi vaa barakoa, uje ukae hapa. Darasa la saba ni mbali."

Sikubali alikaa kwenye kiti cha mama. Mama alisimama nyuma yake, mikono yake juu ya mikono ya mtoto, na Mjomba akawasha. Ubao ukaanza kugeuka taratibu, wembe ukifuata mstari. Kwenye kona ya kwanza chembe moja ya vumbi ilikaa juu ya mstari wa penseli, na Sikubali, aliyemwona mama yake akifanya hivyo maisha yake yote, akaishusha barakoa, akainama na kuvuta pumzi ili apulize.

Mkono wa mama ulimshika paji la uso ukamrudisha nyuma.

"Sikubali," alisema mama, na hakuwa akimwita jina.